Ziara ya kutembea kwa miguu Fort, Mumbai: nendeni, ila mjiandae kuuliza

Wale mnaoleta wagonjwa Mumbai mnazijua zile siku za kusubiri majibu ya vipimo, mtu umekaa gesti huna hili wala lile. Kama mgonjwa wako ana mtu wa kubaki nae, chukua asubuhi moja ufanye hii ziara ya mitaa ya Fort, ule mji wa Waingereza wa zamani. Kampuni zinazotembeza ziko kadhaa, mimi nilienda na moja ndogo ya hapohapo, bei ya kawaida, maji unabeba mwenyewe.

Tulianzia stesheni ya Victoria Terminus, jina rasmi siku hizi ni Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus lakini watu bado wanaiita VT tu. Aliyeichora ni Frederick William Stevens, ujenzi ulianza 1878 ukala miaka kama kumi. Jamani ile stesheni ni kama kasri la mfalme, kila kona wamechonga wanyama, ndege, majani, na getini kuna simba wa kuiwakilisha Uingereza na chui milia wa India. Na hapo ndo nilipoanza kumkubali mwongozaji wetu, mana hakuishia kwa Stevens, alisema nakshi nyingi pale zimechongwa na wanafunzi wa J.J. School of Art, chuo kilichofunguliwa 1857 kwa hela za tajiri wa Kiparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi) Jamsetjee Jejeebhoy, na sehemu kubwa ya utajiri wake huyo bwana ilitokana na afyuni iliyokuwa inapelekwa kuuzwa China. Hakuficha, alisema wazi mbele ya watu wote, na wengine kwenye kundi walikuwa Waparsi.

Ziara nzima ilienda hivyohivyo, jengo baada ya jengo anakwambia nani alichora halafu anakwambia nani alilipa. Mnara wa Rajabai pale chuo kikuu kachora Mwingereza, George Gilbert Scott, lakini hela ni ya Premchand Roychand, mfanyabiashara wa pamba. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe 1861 mpaka 1865 viwanda vya Uingereza vikakosa pamba yao vikaigeukia India, Bombay, ndo jina la zamani la Mumbai, ikafurika hela, kila mtu anafungua kampuni, kila mtu ananunua hisa, halafu vita ikaisha bei ikaanguka na mabenki yakafa nayo. Huo mnara ulikamilika 1878 na jina la Rajabai ni la mama yake Premchand. Kwa kipande hiki peke yake hela yangu ilirudi, kwa sababu picha za hayo majengo sote tumeziona lakini ukiambiwa Waingereza waliujenga mji huu unaamini hivyohivyo, kumbe wenye mji walilipa pakubwa wao wenyewe.

Sasa niseme pale paliponiuma. Kwenye historia ya mwanzo alienda vizuri, jinsi Wareno walivyoitoa Bombay kama mahari ya Catherine wa Braganza kwa mfalme Charles wa Pili mkataba wa 1661, na jinsi mfalme alivyoikodisha kwa Kampuni ya East India 1668 kwa pauni 10 kwa mwaka. Akafika kwa gavana Bartle Frere aliyebomoa kuta za ngome miaka ya 1860 mji ukapata kupumua, akamsifia sana, akapita. Mimi mtu wa Unguja nikamuuliza, unajua huyu Frere alikuja kwetu? Hakuwa anajua. 1873 Frere ndo alitumwa Zanzibar kumbana sultani wetu Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa, Barghash akamkatalia, akasaini baadae mwezi wa 6 mwaka huohuo alipotishiwa na manowari. Na Barghash mwenyewe Bombay alikuwa anaijua kwa macho yake, Waingereza walimleta hapa uhamishoni baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Sultani Majid 1859. Tukiwa mbele ya Mahakama Kuu nikaongezea kwamba rufaa za mahakama ya konseli (balozi) wa Kiingereza wa Zanzibar zilikuwa zinaletwa huku huku Bombay. Yule kijana alifurahi kweli, akatoa daftari akaandika. Watu wa kwetu wanapita Mumbai kila siku, wanastahili kusikia hii sehemu bila kuianzisha wenyewe.

Na pale mwisho, Gateway of India, alituambia mfalme George wa Tano alivyotua 1911, lango kukamilika 1924, na wanajeshi wa mwisho wa Kiingereza kuondokea hapo Februari 1948. Sawa. Lakini mabaharia wa Kihindi walioasi Februari 1946 kwenye bandari hiyohiyo hawakutajwa hata kwa sentensi moja! Tauni ya 1896 nayo imepitwa mbiombio, wakati ndiyo iliyomaliza watu wa kwenye vyumba vya kubanana, wale wapakuzi na wafanyakazi wa viwandani. Ukishaamua kusema nani alilipa basi malizia na waliolipa kwa jasho.

Mengine: kundi letu lilikuwa kubwa mno, pale Flora Fountain, ile chemchemi ya katikati ya barabara, kwa honi zile aliyekaa nyuma hasikii kitu, sogeeni mbele mapema. Vaeni raba. Mwezi wa 6 mpaka wa 9 ni mvua kubwa, usihangaike kwenda. Omba pia wasimame kwenye maktaba ya David Sassoon, ukumbi wa 1870, sisi tulipita nje tu.

Nyota 4 kati ya 5, na siku wakiiweka Zanzibar kwenye maelezo yao naongeza ya 5.