Pasi ya Jogoo ya Mwanjelwa: Inafaa au Tumepigwa?

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Nipo uani kwangu hapa Mbeya, nimevaa masweta mawili, maana Julai yetu mnaijua. Leo sina cha kufungua kwenye boksi. Nina pasi ya mkaa na jogoo wake.

Jumamosi tulikwenda sokoni Mwanjelwa familia nzima: mimi, baba watoto, watoto wawili na bibi yao, yaani mama mkwe wangu, amekuja kutoka Tukuyu. Shida yetu ilikuwa sweta za mtumba za shule. Tulizipata chapchap. Muda uliobaki wote ukaishia kwenye turubai la kaka mmoja anayeuza makorokoro. Vitasa visivyo na funguo, rimoti zisizo na televisheni, saa ya ukutani isiyo na mishale, na meno ya bandia ndani ya glasi. Ya nani? Sikuuliza.

Baba watoto akaganda kwenye karabai, ile taa ya kupampu. Niliigeuza, nikakuta tangi limechomelewa mara mbili, na ngozi ya pampu imekauka kama ganda la muhogo. Hiyo haishiki upepo. Tukaiacha.

Sasa pasi. Sogeza kamera, baba. Huyu jogoo msidhani ni pambo, ndiye komeo. Unamlaza nyuma, mfuniko unaachia, unatia mkaa ulioshika vizuri, unafunga, unamrudisha. Haya matundu ya ubavuni ndiyo yanayopitisha hewa. Yakiziba, mkaa unakufa. Pini ya bawaba siyo yake, ni msumari wa inchi tatu umekunjwa. Mpini una ufa, nimeufunga waya.

Muuzaji alikuwa ameipaka oili ing'ae. Mimi nikaingia mkenge, bibi hakuingia. Aliipindua, akafuta kwa pindo la kanga, akapitisha kucha ya kidole gumba chini kote, taratibu, kama anatafuta chawa. Kucha ikikwama, ujue chuma kimeliwa na kutu, itakuchania nguo. Hii ilikwama mahali pamoja tu, karibu na kisigino.

Kaka akasema 25,000. Nikataja 10,000, akacheka. Bibi akamwambia "ndaga", wakaanza Kinyakyusa chao, nikaona wanaulizana vijiji. Tukatoka na pasi kwa 14,000, na nyongeza juu: sarafu moja kutoka kwenye kopo.

Nimeitumia siku nne. Siku ya kwanza niliirukia shati jeupe la baba watoto. Nilikuwa sijapuliza majivu, cheche ikaruka, shati lina tundu kwenye mkono. Onyesha, baba. Usione aibu. Bibi akaagiza jani bichi la mgomba, akaitembeza pasi ya moto juu yake mara tano sita, jani likalia chwaaa, masizi yote yakabaki pale. Baada ya hapo inateleza kama imepakwa mafuta. Uzito wake ndio raha yenyewe, hukandamizi, unaongoza tu. Sare za shule zimenyooka, na umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na moja.

Ila jamani, msiingie nayo chumbani mkafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua. Mimi napigia hapahapa uani, natetemeka.

Naipa saba kwa kumi. Mbili nimekata kwa ajili ya ule msumari, moja kwa ajili ya shati.

Na ile sarafu? Ni senti 50 ya mwaka 1966, mwaka uleule Benki Kuu ilipofunguliwa. Upande mmoja Mwalimu, upande wa pili sungura. Bibi akawasimulia watoto kwamba shilingi ilikuwa na mwenge, senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 5 samaki. Nilitaka niwaonyeshe hapa kwa karibu, nimeshaandaa na kitambaa cheusi. Lakini mwanangu huyu mdogo wa miaka sita asubuhi kaibeba hadi dukani, karudi na pipi mbili. Sungura hana.

Mnasikia geti? Ni bibi huyo, kajifunga kitenge, anakwenda kumdai mwenye duka. Baba, mfuate na kamera.