Togwa ya Mlandege, tangu Jumatano ya Majivu

Nilishona gauni la send-off la mtu likatoka na mikono miwili ya kushoto. Miaka kumi na tisa niko na cherehani hapa Miyomboni, Iringa mjini, na kitu hicho hakijawahi kunitokea hata enzi nakata magazeti kujifunzia. Jana yake, Jumapili, tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa dada. Nilikunywa bia tano kuanzia saa moja jioni, nikalala fofofo, asubuhi nikaoga, nikajiona mzima kabisa. Saa moja na nusu mkasi ulikuwa mkononi.

Mteja wangu mmoja nesi ndiye aliyenipigia hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo. Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu kama 20 za kilevi chenyewe. Ini linasafisha gramu 7 mpaka 10 hivi kwa saa, na halikubali kuharakishwa kwa supu wala kwa kuoga maji ya baridi. Chupa tano ni gramu 100. "Dada fundi, ulikata kitambaa pombe haijaisha mwilini," akasema huku anacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kitambaa nilikilipa mwenyewe.

Keshokutwa yake ikawa Jumatano ya Majivu, nikasema basi, naacha mpaka Pasaka. Uzuri wa Kwaresima huku kwetu ni kwamba hakuna anayekuuliza una nini. Ukiacha bia mwezi wa nane watakuuliza kama una mimba, au kama umeanza dozi.

Kilichonisumbua zaidi ni miguu. Saa kumi na mbili nikishafunika mashine, miguu inajiendea kwenye baa ile ile, meza ile ile ya pembeni, mhudumu ananiona tangu mlangoni anafungua chupa kabla sijakaa. Bia ya moto, maana Iringa hii ya baridi nani anakunywa ya friji. Jioni ya pili nilikwenda nikaagiza soda. Wenzangu walizungusha raundi tatu, na kila raundi iliponifikia nikawa natoa maelezo. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku za kunywa. Ndiyo nikaanza kutafuta mahali pengine pa kukaa saa hiyo, na bodaboda mmoja akanipeleka Mlandege kwa mama wa togwa.

Kibanda hakina bango. Kuta za mbao, bati juu, mabenchi mawili na vigoda vinne, ndoo tano nyeupe zenye mifuniko zimepangwa ukutani kama watoto wa shule. Kikombe kikubwa cha plastiki ni shilingi 500. Nje kuna jiko la mkaa la kuchomea mahindi msimu wake ukifika. Ukifika unasalimia "Kamwene" kwanza, usipoanza na hiyo utasubiri.

Togwa yake ni ya mahindi na kimea cha ulezi, na nimemwona akiitengeneza mara nyingi kiasi cha kuweza kueleza. Anapika uji mzito wa sembe mpaka mwiko unasimama. Anauepua, anauacha upoe mpaka kidole kinavumilia. Hapo ndipo penyewe: ukiwahi, moto unaua kimea, na utabaki na uji wako. Kisha ananyunyiza unga wa kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukamea kwenye gunia, ukaanikwa na kusagwa. Anakoroga. Mara ya kwanza nilidhani ameongeza maji nikiwa sitazami, maana uji uliokuwa umeshika mwiko ulilegea mbele ya macho yangu ukawa unamiminika kama maziwa, na ulipoonjwa ulikuwa na utamu ambao hakuna sukari iliyoingia. Kimea ndicho kinachovunja wanga kuwa sukari. Mama mwenyewe anasema tu "umekubali", anafunika.

Sasa, ladha. Ya leo ni tamu, nzito kidogo, inanuka ulezi. Mimi hainifai, ni kama uji wa mtoto. Ya jana ndiyo togwa. Ina uchachu unaokamata kwenye taya, utamu unakuja nyuma, na ule unga laini unabaki kwenye ulimi. Kikombe kimoja kinashibisha, kwa hiyo cha pili unakinywa polepole, na nusu saa imekwisha, na saa mbaya imepita. Siku za kwanza nilikuwa naangalia simu kuona kama saa mbili imefika. Wiki ya tatu nikasahau kuangalia.

Usingizi nao, niuseme kwa kifupi. Bia ilinilaza haraka na kuniamsha saa tisa usiku moyo unadunda. Wiki ya kwanza bila bia nililala vibaya zaidi, karibu nikate tamaa. Ya pili nikalala hadi jogoo.

Pesa: zamani chupa tatu kwa siku tano za wiki, kwa shilingi 2,500 moja, ni 37,500. Togwa vikombe viwili kwa siku hizo hizo ni 5,000. Ningependa kusema tofauti yote imekwenda kwenye mashine ya ovaloki ninayoitamani. Nusu imekwenda. Nyingine imeliwa kwa samaki na mahindi ya kuchoma hapo hapo kwa mama, maana mtu asiyekunywa ana njaa ya ajabu.

Kasoro zipo. Mwanga ni taa moja ya sola, kufikia saa moja usiku watu mnajuana kwa sauti. Vikombe vinasuuzwa kwenye beseni moja, na jioni maji yake yamebadilika rangi. Mimi nabeba kikombe changu, na mama alinuna siku mbili. Chenji hana kamwe. Halafu benchi la dirishani wamelikamata wazee watatu wa bao ambao hawanunui kitu.

Na kuna jambo ambalo mtu aliyepumzika pombe lazima alijue kuhusu vinywaji vya huku. Kwaresima inaangukia katikati ya msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mvua zinanyesha, mianzi inagemwa, barabara nzima madumu. Shemeji yangu wa Kilolo alifika na dumu la lita tano. "Mtogwa tu huu, shemeji, wa leo asubuhi, hata mtoto anakunywa." Mtogwa ni ulanzi mchanga, ule mtamu. Nikatazama kifuniko. Alikuwa hajakikaza, na kilikuwa kinapumua, puu, puu, kama mtu aliyelala. Ulanzi unaanza kuchacha tangu ukiwa kwenye mbeta, kile chombo cha kukingia, juu ya mwanzi. Asubuhi mtogwa, kesho yake mkangafu, yaani mkali wa kulevya, na katikati hapo hakuna aliyechora mstari. Nilikunywa glasi moja. Ilikuwa tamu sana. Sikuongeza, na sikumwambia padre.

Siandiki haya kujifanya mtakatifu. Enzi za viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, nilikuwa naviweka kwenye kopo la sindano na vifungo, na nilijiambia ni vya baridi. Nikiangalia nyuma, bia tatu za kila jioni zilikuwa zinaelekea kopo lile lile kwa njia ndefu. Lakini mimi nilikuwa mnywaji wa jioni. Jirani yetu mmoja alikuwa anaamka na gongo, akaacha ghafla kwa hasira baada ya kugombana na mkewe. Siku ya pili anatetemeka jasho linamtoka, usiku akaanguka kifafa. Hospitali walisema mtu wa namna ile haachi peke yake nyumbani, anaanzia kwa daktari. Kwa huyo togwa haitoshi, na asidanganywe.

Pasaka ilipita. Nilikunywa bia moja Jumapili ile, mezani kwa dada, ilikuwa nzuri, nikaiacha robo. Jumanne saa kumi na mbili nikafunika mashine, nikakuta miguu inashuka Mlandege. Siku hizi baa naingia mara moja moja kukiwa na sherehe, na nimemwomba mhudumu asifungue chochote kabla sijasema. Bado anasahau.

Ukienda, wahi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, ya jana huisha mapema. Beba sarafu. Ukitaka ya kwenda nayo nyumbani usijaze chupa mpaka juu wala usikaze kifuniko: yangu ilipasukia kwenye kabati, juu ya vitambaa vya wateja.

Juzi nilichelewa, nikakuta ndoo nne tupu. Ya tano, ya mwisho kabisa, ilikuwa na mfuniko uliovimba katikati. Ni ya siku tatu, wazee wa bao ndio huinunua wakiamua kununua. Nikasogeza kikombe changu. Mama aliufungua mfuniko kidogo, harufu ikafika, akanitazama, akaufunga tena.

"Hii si ya kwako, mwanangu," akasema. "Kaa nikupe chai."