Uzoefu wangu wa kuilalamikia kaunsili kwa Ombudsman: nyumba ya kupanga yenye ukungu hapa England

Nianze na hukumu yangu: huduma hii ya Ombudsman, mchunguzi wa malalamiko ya raia, ni nzuri, ni ya bure, na mpangaji yeyote England aliyepuuzwa na kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lake, aitumie. Ila aingie akijua anakwenda kudai nini, maana wengi wetu tunaielewa vibaya. Nimesikia watu wakisema Ombudsman atamlazimisha mwenye nyumba atengeneze paa, na wengine wanadhani ni mahakama. Si hivyo. Kazi yake ni kuchunguza jinsi kaunsili ilivyokushughulikia.

Jina lake kamili ni Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Wazee wetu Tanzania watakumbuka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza 1966. Wazo ni lile lile, raia wa kawaida kupata pa kumshtakia mtumishi wa umma bila kulipa wakili. Msichanganye na Housing Ombudsman, anayeshughulikia hasa nyumba za kaunsili na za mashirika ya nyumba.

Sisi tulipanga kwa mtu binafsi. Ukuta wa chumba cha mtoto ulishika ukungu mweusi kutoka kona ya dirisha hadi nyuma ya kabati, na nguo zilizotundikwa humo zilitoka na vidoa na harufu ya gunia lililolowa. Mwenye nyumba alikuwa na jibu moja: fungueni madirisha, acheni kuanika nguo ndani. Mwanangu alikuwa anakohoa usiku kucha, na mimi nilikuwa nimesoma habari za Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 aliyefariki Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao. Ile ilikuwa nyumba ya shirika na yetu ya mtu binafsi, lakini mapafu ya mtoto hayajui tofauti hiyo.

Nikaandikia kaunsili. Baada ya kungoja sana alikuja afisa wa afya ya mazingira, bwana afya kama tunavyosema kwetu. Akachomeka kipima unyevu kwenye plasta, kikalia. Akasogeza kabati mwenyewe, akapiga picha, akaniambia waziwazi kwamba hii ni hatari ya daraja la kwanza, yaani lile la hatari kubwa kwa afya au usalama, na kwamba mwenye nyumba atapewa notisi ya kutengeneza. Kwa Sheria ya Nyumba ya 2004, hatari ya daraja hilo ikishathibitishwa kaunsili haina hiari, ina wajibu wa kuchukua hatua. Nilishusha pumzi siku ile.

Kisha kimya. Afisa alihamia kazi nyingine, faili letu likabaki bila mwenyewe, na barua pepe zangu zikawa zinajibiwa na mashine. Huku nyuma mwenye nyumba akatuletea notisi ya kuhama, ile ya wakati huo isiyohitaji sababu, ambayo sheria mpya imeifuta kuanzia tarehe 1 Mei 2026.

Hapa ndipo uchungu wenyewe ulipo, na ndipo kesi yangu iliposimama. Kulikuwa na kinga katika sheria ya 2015: mpangaji akishalalamika kwa maandishi na kaunsili ikampa mwenye nyumba notisi ya matengenezo, basi kwa miezi 6 hawezi kumtoa mpangaji huyo kwa notisi ya bila sababu. Kaunsili yetu haikutoa notisi iliyoahidi, kwa hiyo kinga hatukuipata. Tulihama na mtoto katikati ya muhula wa shule.

Kabla ya kwenda kwa Ombudsman lazima uilalamikie kaunsili yenyewe kwanza na kuipa nafasi ya kujibu, kwa kawaida wiki 12. Kusubiri huko kunachosha mno, na wengi hukata tamaa hapo. Na usikawie, kwani lalamiko linatakiwa lifike kwa Ombudsman ndani ya miezi 12 tangu ulipojua jambo lenyewe. Jibu la mwisho la kaunsili lilisema idara ilikuwa na kazi nyingi. Nililiambatanisha hivyo hivyo.

Fomu ya mtandaoni ni nyepesi, lakini maswali mawili ndiyo roho yake: kaunsili ilikosea nini, na kosa hilo lilikuumiza vipi. Hasira zangu zote juu ya mwenye nyumba niliziacha nje. Nikaandika tarehe tu: siku niliyoripoti, siku ya ukaguzi, siku niliyoahidiwa notisi, siku tuliyopewa notisi ya kuhama. Kilichonisaidia sana ni kusoma maamuzi ya kesi za wengine kwenye tovuti yao, yanayochapishwa bila majina ya walalamikaji. Mle utaona kesi za aina gani zinakataliwa. Kwa mfano, afisa akikagua vizuri na kuamua kwamba hatari si ya daraja la kwanza, Ombudsman hatengui uamuzi huo kwa sababu tu wewe hukubaliani nao.

Mchunguzi alinipigia simu, akanisikiliza bila haraka, kisha akaitaka kaunsili itoe faili. Kabla ya uamuzi wa mwisho, pande zote mbili tulitumiwa rasimu tutoe maoni. Isomeni kwa makini rasimu hiyo. Mimi niliongeza ushahidi wa picha za chumba kwenye hatua hiyo.

Uamuzi ulisema kaunsili ilikosea kwa kuchelewa na kwa kutotimiza ilichoahidi, na kwamba ilitupotezea nafasi ya kulindwa. Tuliombwa radhi kwa maandishi, tukalipwa paundi mia kadhaa, na idara ikatakiwa kurekebisha utaratibu wa kukabidhi mafaili afisa anapoondoka. Mapendekezo haya hayana nguvu ya hukumu ya mahakama, lakini ni nadra sana kaunsili kuyakaidi. Fedha hazikufikia hata gharama ya kuhama, na anayetaka fidia kutoka kwa mwenye nyumba itabidi aende mahakamani kwa sheria ya 2018 ya nyumba kufaa kukaliwa na binadamu. Kwangu utaratibu ule wa mafaili ndio uliokuwa na thamani zaidi, kwa sababu mpangaji atakayekuja baada yetu ataukuta.

Unaweza pia kumruhusu mtu alalamike kwa niaba yako. Sasa namwandikia mama mmoja wa Kikongo jirani yetu, ambaye Kiingereza bado kinamsumbua. Barua ya kwanza imeshafika kaunsili, na tunahesabu wiki zao 12.