Chumba kwenye jengo la zamani la biashara: gongeni ukuta kwanza

Msipange chumba cha chini kwenye jengo lile kabla hamjagonga ukuta kwa vidole msikie kama lipu imeachia. Mimi sikugonga. Niliona kaunta ya mbao ya duka la mwanzo bado ipo, ukingo wake umelika na kulainika pale viwiko vya wateja vilipoegemea miaka nenda miaka rudi, nikasaini siku hiyohiyo.

Jengo limepitia mengi: duka la nguo, ghala, ofisi za mikopo, kisha wakaligawa fremu za kupangisha. Juu ya mlango jina la duka la kwanza bado linachungulia chini ya rangi. Mimi ni mshonaji. Kurudisha nguo kwenye duka la nguo, jamani, kulinifurahisha mno.

Mvua zilipoanza, rangi ikavimba malengelenge. Nikaikwangua kwa ukucha: unga mweupe wa chumvi, na lipu ikabanduka kama gamba. Majora mawili ya wateja niliyoyaegemeza pale yakaota madoa ya ukungu.

Nikamwita msimamizi. Hata ukuta hakuusogelea. "Nyumba za kale ndivyo zilivyo. Wewe shona, ujenzi waachie wenyewe."

Uongo! Ukuta ule ni wa mawe na chokaa, na chokaa hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka ardhini hufika usoni yakakauka kwa hewa. Walipoligeuza ofisi wakaupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta juu yake. Maji yakakosa pa kutokea, yakabaki ndani na chumvi yake, yakaanza kuisukuma lipu. Waliouziba pumzi ndio leo wanasema umezeeka.

Nilikuja kuandika: hameni wote. Lakini asubuhi jua likipenya madirisha yale marefu, natunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi bila taa. Chumba kipya chenye mwanga huo sijakiona. Juzijuzi fundi mmoja mzee alinibandulia lipu hadi usawa wa goti, akapiga chokaa tabaka jembambajembamba, akiinyunyizia maji isikauke haraka ikapasuka. Kipande kile sasa kikavu. Gharama nimebeba mimi.

Msimamizi alipokiona akasema atakipaka rangi ya mafuta kifanane na kwingine. Jengo ni zuri, lipangeni. Yeye na kopo lake wasikanyage kwangu.