Magurudumu ya spoki kwenye kindege cha kujiundia: nimeyatumia msimu mzima

Nianze na aibu yangu kwanza ndo nije kwenye bidhaa. Jozi ya kwanza niliyofunga ilikua ringi za BMX za inchi 20, nilizitoa kwenye baiskeli mbili za watoto jirani alikua anaziuza dola kumi na tano, nikajiona mjanja kweli. Siku ya tatu niko naitembeza ndege chini tu, hata kuruka bado, upepo ukanipiga ubavuni, mkia ukataka kwenda, nikakanyaga pedali kuurudisha, nikasikia krrak halafu bawa la kushoto likalala kwenye majani. Nashuka naangalia, ringi imekunjika kama chapati, ilibaki kutiwa maharage tu. Na spoki zote nzima, hakuna hata moja iliyokatika.

Kwa wasiojua nafanya nini huku: niko Iowa, nimeunda kindege kinachoitwa Legal Eagle kwa ramani, kiunzi cha bomba za chuma za kuchomelea, injini ni Volkswagen iliyokatwa nusu ikabaki silinda mbili. Marekani kuna sheria ya 1982 wanaiita Part 103, ukikaa ndani yake huhitaji leseni ya urubani wala kusajili ndege, ila masharti yake yanabana: kiti kimoja tu, uzito ikiwa tupu usifike paundi 254 yaani kilo kama 115, mafuta galoni 5 ambazo ni lita 19 hivi, mwendo usizidi noti 55, yaani kilomita kama 102 kwa saa. Kwa hiyo kila boliti unaipima kwenye mizani ya jikoni, mke wangu hana hamu tena na ile mizani. Ndo maana watu wengi wanawaza spoki, kwa sababu kwa macho gurudumu la spoki ni jepesi.

Sasa kwa nini ile ya BMX ilikunjika wakati baiskeli hiyohiyo mtoto anarukia nayo ngazi kila siku? Mzee mmoja wa Kizungu tunayechangia naye hanga, yaani banda la ndege, alinionyesha kwa kidole. Baiskeli ikikata kona inalala, kwa hiyo mzigo unaendelea kushuka wima kwenye ringi, na spoki zinapenda hivyo. Ndege hailali. Ndege ikitua imekaa upande kidogo, au upepo ukiisukuma, gurudumu linasukumwa kwa ubavu, na ubavuni ringi ya baiskeli haina kitu kabisa. Fikiria kamba za hema, ukizichomeka chini mbali na mlingoti hema linasimama, ukizichomeka karibu karibu likipigwa upepo linalala. Kwenye gurudumu ule umbali ni upana wa habu, lile dude la katikati spoki zinapoanzia. Nilipima ile ya BMX, kutoka sahani hadi sahani, zile za pembeni zinazoshika spoki, milimita 65. Halafu ekseli yake unene wa inchi 3/8, na kwenye baiskeli inashikwa na foku pande zote mbili, mimi nimeining'iniza upande mmoja tu kama mkono wa mtu aliyebeba ndoo. Yaani hata isingekunjika ringi, ekseli ingepinda wiki inayofuata.

Basi nikaagiza jozi ya kueleweka. Muuzaji ni karakana ndogo, jina nalihifadhi kwa sababu nina la kumlalamikia huko mbele. Ringi ni hizo hizo za inchi 20 za alminiamu, ila habu kaichonga mwenyewe: sahani hadi sahani milimita 125, tundu la ekseli inchi 3/4, beringi mbili zilizofungwa, spoki 36 za unene wa milimita 2.6 badala ya zile za milimita 2 za kawaida. Dola 390 jozi bila matairi, wiki tano kufika.

Ukishika tu mkononi unaona tofauti. Ukisukuma ringi kwa dole gumba kwa ubavu haisogei, ile ya BMX nilikua naiona inacheza. Kazi ya kuchonga safi sana, kingo zote zimelainishwa, spoki zimepishana vizuri mara tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Hilo la kupishana msilione ni urembo. Kama unaweka breki ya kwenye habu, nguvu ya kusimamisha inapita kwenye spoki kwenda kwenye ringi, sasa spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka katikati haziwezi kuibeba, habu itajizungusha ndani.

Lalamiko langu sasa. Yalikuja yamelegea! Nilipiga spoki kwa kucha moja moja, nikitegemea zilie sauti moja, wapi, hii inalia tiii, inayofuata inalia dup kama imelowa. Spoki isipovutwa vya kutosha tangu mwanzo ndege ikitua zile za chini zinalegea kabisa, vinati vyake vinajifungua vyenyewe taratibu, na ukichelewa zinakatikia pale kwenye kiwiko karibu na habu. Nikamwandikia jamaa, akajibu eti kukaza ni kazi ya mnunuzi, iko kwenye karatasi. Nikaitafuta karatasi, kweli ipo, mstari mmoja chini kabisa. Kwa dola 390 mkuu? Mtu ambaye hajawahi kushika spana ya spoki angefunga hivyohivyo akaruka.

Bahati yangu nimekulia Kahama. Chini ya mwembe pale nyumbani alikuwepo fundi baiskeli, mzee wetu mmoja, baiskeli za kubeba magunia ya mkaa zilikua zinakuja kwake ringi zimepinda, anazungusha gurudumu huku ameshika kipande cha chaki karibu na ringi bila kugusa, pale palipotokeza panajichora penyewe, anakaza upande wa pili robo mzunguko, anazungusha tena, haongei na mtu. Nilifanya hivyo hivyo kwenye hanga jioni mbili. Baada ya kutua mara kumi nikakaza tena kwa sababu spoki mpya zinajipanga, na tangu hapo zimetulia, nazipiga kucha kila Jumamosi kabla ya kuruka.

Kuhusu uzito niseme ukweli. Nilipima gurudumu moja kamili na tairi na tyubu, kilo 2.3. Yale madogo manene ya inchi 6 niliyoazima mwezi ule nikisubiri mzigo yalikua kilo 2.6 kila moja. Gramu 600 kwa jozi, basi, ukiacha kula maandazi wiki mbili unazipata. Kama unayataka kwa ajili ya uzito tu utalia na hela yako.

Ila kwenye majani! Kiwanja chetu ni cha nyasi na fuko wamekichimba kama wanatafuta dhahabu, lile gurudumu dogo likiingia shimoni linaganda na kichwa kinakwenda mbele, hili kubwa linapita juu, unasikia tu kadunda kidogo. Ndege yangu haina shokapu kwenye magurudumu, hewa ya tairi ndo kila kitu, natumia psi 30 na mgongo haulalamiki. Ubaya ni kwamba nyasi ndefu zinajisokota kwenye spoki, na huko juu spoki zinakamata upepo, nikashona vifuniko vya kitambaa kama ndege za zamani za vita ya kwanza, vimesaidia na vimependeza, watoto wa jirani wanadhani nimeitoa makumbusho.

Na kweli ni vitu vya zamani kuliko baiskeli yenyewe, maana Mwingereza George Cayley ndo alichora gurudumu la kamba zilizovutwa mwaka 1808, akitafuta gurudumu jepesi la chombo cha kuruka, kipindi ambacho baiskeli hazijafika popote. Rubani Mfaransa Louis Blériot akavuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1909 na magurudumu ya spoki. Kwa hiyo yule anayenicheka hangani kwamba nimefunga ndege matairi ya baiskeli, mimi namwambia baiskeli ndo ilikopa.

Nyota nne kwa kazi ya habu, moja nimeikata kwa kulegea na lile jibu. Ningenunua tena, ila kama gurudumu lako la mbele au la mkiani ni dogo usihangaike na spoki huko, plastiki ngumu inatosha. Na ukiagiza chukua spoki za akiba palepale. Mimi nimeagiza kumi juzi, zimefika bila vinati vyake.