Darasa la Sataranji la Jumamosi, South B: Mchezo Mmoja kwa Saa Mbili

Nimehudhuria kwa Jumamosi sita mfululizo darasa la sataranji la watu wazima linalofanyika katika ukumbi mdogo mtaani South B, Nairobi, ambako ada ni shilingi 700 kwa kipindi cha saa mbili, nami naona fedha hizo zimekwenda mahali pake. Kilichonithibitishia hivyo ni kipindi cha tatu, kilichotumika chote kuchambua mchezo mmoja tu: ule ambao Capablanca wa Cuba, akicheza kete nyeusi, alimshinda Ossip Bernstein jijini Moscow mwaka 1914.

Bernstein alifungua kwa Gambiti ya Malkia, yaani alimtoa askari, kete ndogo kuliko zote, kama chambo, na Capablanca akakataa kumla. Ni ulinzi wa tangu zamani, ambao wengi wetu tuliudhani ni wa kujihami tu. Mwalimu hakukimbilia mwisho wake maarufu. Alitusimamisha kwenye hatua ya 15, askari mweusi anaposogea hadi c4 (kila mraba wa ubao hutajwa kwa herufi na namba), akamtaka kila mmoja aandike kama askari huyo ni nguvu au ni mzigo. Niliandika kuwa ni mzigo, kwa kuwa hatua hiyo inamwachia mpinzani mraba wa d4. Askari huyo aliliwa kweli, lakini mwenzake wa d5 alilipiza na kushika nafasi yake, kisha akasonga hadi c3, na kuanzia hapo kete nyeupe zikawa hazina kazi nyingine ila kumzingira.

Katika hatua ya 27 Bernstein alimla askari huyo kwa farasi, akidhani amepata askari wa bure. Kete zikabadilishana pale c3, na hatua ya 29 Capablanca akamweka malkia b2. Malkia huyo hakuweza kuliwa, kwani ngome nyeusi ingeshuka d1 na kumfunga mfalme aliyezibiwa njia na askari wake mwenyewe. Na asipoliwa, Bernstein angepoteza ngome. Alisalimu amri papo hapo. Ukumbi ulinyamaza kwa muda, na kwa kweli nami nilisisimka.

Kasoro zipo. Mabao ni sita kwa wanafunzi kumi na wanne, saa za kupimia muda wa wachezaji ni mbili tu, na mara mbili tumeanza tukiwa tumechelewa kwa dakika 20. Tena, asiyejua kusoma herufi na namba za miraba ajifunze kwanza kwingine, kwa maana hapa mwalimu hasubiri.