TAHADHARI: Yule muuza seti za saa ya LED

Yule jamaa wa seti za saa ya LED (vifaa vya kujiundia saa ya taa), mnamjua. Asipewe hata shilingi. Ni tapeli, na hakosei kwa bahati mbaya.

Sarakasi yake iko hivi. Anachomeka Nano (bodi ndogo ya Arduino inayoendesha saa) kwenye USB mbele ya mnunuzi, taa ya pini 13 inawaka na kuzima: "Unaona bosi, nzima hiyo." Anaunganisha moduli ya saa, skrini ya LED ya MAX7219 inaonyesha muda uleule wa simu yako. Anachomoa waya, anapiga stori kidogo, anarudishia. Saa iko palepale! Hapo nani asingelipa? Umeme umekaguliwa, betri imekaguliwa, kila kitu kinajibu. Kwa hiyo msitucheke sisi tuliolizwa.

Kumbe ile taa haithibitishi kitu, maana Nano nyingi hutoka kiwandani zikiwa na programu hiyo ya kuwasha na kuzima. Chipu kuu ya Nano anayoiita ATmega328P ni ATmega168: nafasi ya programu KB 16 badala ya 32, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) KB 1 badala ya 2. Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kupakia kazi kwenye Nano) inagoma kupakia, unahangaika na draiva ya CH340 (chipu ya USB ya Nano), unabadili kebo, hadi uchague ATmega168 ndipo inakubali. Ukiongeza maandishi ya tarehe, RAM inaisha na saa inaganda au inajiwasha upya.

Na "DS3231" yake, chipu inayotunza muda kwenye moduli ya saa, ni DS1307. Anwani ya zote mbili (namba ambayo Nano huiitia chipu) ni 0x68, rejista (vijisehemu vya kumbukumbu ndani ya chipu) za saa na dakika ziko mahali pamoja, kwa hiyo programu haistuki. Ila DS3231 halisi hukosea kama sekunde 5 kwa mwezi. Hii yake inaweza kufika dakika nzima.

Jinsi ya kumnasa: ukiona kikopo kidogo cha chuma cha kristali (kinachotoa mapigo ya muda) kando ya chipu, kimbia, DS3231 kristali yake iko ndani. Au soma rejista 0x11, DS3231 halisi itatoa nyuzi joto za chumba. Maandishi ya chipu yamekwanguliwa, hilo nalo. Tena anaweka betri ya CR2032 kwenye moduli yenye njia ya kuchaji LIR2032, betri ya kuchajiwa! CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba.

Admini mtoeni magrupu yote. Arudishe pesa za watu, akibisha RB ifunguliwe polisi na FCC (Tume ya Ushindani) wapelekewe hizo chipu bandia. Wanafunzi wa VETA wamechangishana kununua takataka hizi, halafu mtu anasema tumsamehe? Alale ndani kwanza.